Baba aliweka coolant nyekundu, mama akaweka ya kijani: yaliyolikuta gari letu la zamani hapa Mtwara

Wakuu, wakubwa wote shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni yule mtu anayesoma nyuzi za watu kimyakimya halafu anaondoka bila hata ku-like. Huu ni uzi wangu wa kwanza, mnivumilie. Nina kawaida ya kuandika diary, kwa hiyo haya mengi niliyaandika yakiwa bado ya moto. Sijaongeza kitu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kilichonitoa mafichoni ni ule ugomvi wa kule jukwaa la magari kuhusu coolant, ile dawa ya rejeta ya kupoza injini, kwa gari la zamani. Mmoja anasema weka kijani, mwingine anasema nyekundu, wa tatu anasema maji yanatosha, wa nne anatukana.

Sisi nyumbani tumeshakuwa hao watu wote, ukimtoa wa kutukana. Ndiyo maana nimeona nieleze.

Tunakaa Magomeni, hapa Mtwara mjini. Baba anafanya kazi bandarini, kwao ni Makete. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule yake iko upande wa Mahurunga, ile barabara ukiendelea nayo unafika Kilambo mtoni, watu wanakovukia kwenda Msumbiji. Mimi ndiye Upendo, niko kidato cha nne. Nina mdogo wangu Eliya, yuko darasa la kwanza.

Gari ni saloon ya Kijapani, injini ya petroli. Limenizidi umri. Baba alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Mama ndiye analiendesha, kila siku ya shule kwenda na kurudi, na anampakia mwenzake Mwalimu Somoe, ambaye kwao ni huko huko Mahurunga ila ameolewa mjini.

Sasa nieleze kilichokuwa kinanisumbua, maana bila hicho mtaona nahangaika na rejeta bure.

Shuleni kwa mama kuna nyumba za walimu, na chumba kimoja kilikuwa wazi. Mwalimu Mkuu alishamwambia mama akitaka ahamie, awe anarudi mjini wikiendi. Gari nalo lilikuwa limeanza tabia ya kupandisha joto. Siku moja tunakula, baba akasema, tena kwa upole kabisa:

"Mama Upendo, hili gari likikulaza njiani mara nyingine, kachukue kile chumba. Sitaki uwe unasimama porini na madaftari ya watoto."

Mama akaongeza mboga kwenye sahani ya Eliya, ambaye wala hakuwa ameomba.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo ila sauti haitoki, mpaka walimu wengine wameacha kuniuliza. Mtu ninayeongea naye mpaka napitiliza ni mama peke yake, jioni, akiwa anasahihisha madaftari na mimi nasoma pembeni. Nikawaza mwaka wa mtihani niumalize hivyo, napika, namwogesha Eliya, halafu nanyamaza Jumatatu mpaka Ijumaa.

Hilo ndilo lilikuwa jambo kwangu. Coolant hata nilikuwa siijui.

Turudi kwenye gari.

Baba alikuwa na imani yake. Makete mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta barafu imelala kwenye majani. Mjomba wake alikuwa na lori la viazi, na asipoweka coolant maji yanaganda, rejeta inapasuka. Kwa hiyo kwa baba coolant ni kama sweta. Ukimwambia gari linahitaji coolant anakuuliza, "Huku Mtwara umeona nani kavaa sweta?"

Basi gari likawa linaenda na maji.

Na maji yenyewe sasa. Bomba letu linatoka kwa kubahatisha, kwa hiyo tulikuwa tunachota kisima cha jirani. Wenyeji wa huku mnavijua visima vya karibu na bahari. Sabuni haitoi povu, birika linaota magamba meupe ndani. Maji ambayo sisi wenyewe hatuyanywi, gari tulikuwa tunalinywesha.

Halafu kuna Fundi Issa, fundi wetu wa mtaani. Gari lilipoanza kupandisha joto, dawa yake ya kwanza ilikuwa kutoa thermostat na kuitupa. Thermostat, kwa wasiojua kama mimi wa zamani, ni kile kijifuniko kidogo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto unaotakiwa. Mafundi wengi wa huku wanakitoa. Ukiuliza unaambiwa "huku joto, hakina kazi". Gari likatulia kidogo, kisha likarudia.

Siku lilipochemsha kweli nilikuwepo. Sisi tulikuwa tumefunga shule, mama bado anaenda kumalizia ripoti, akanichukua nikamsaidie kujumlisha maksi.

Tulikuwa tunarudi. Mama anaendesha, Mwalimu Somoe mbele, mimi nyuma. Tumetoka Mahurunga, barabara ya vumbi, Mwalimu Somoe anasimulia harusi ya mtu. Nikaona mshale wa joto umepanda karibu ufike kwenye alama nyekundu. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Bahati mama naye aliuona, akasema "Jamani" akapaki pembeni, na hapo hapo mvuke ukatoka kwenye boneti.

Karibu na hapo palikuwa na mama mmoja kaanika makopa yake juani, ule muhogo mkavu. Akaja na ndoo kabla hatujaomba. Kijana mmoja wa bodaboda naye akaja.

"Mwalimu," yule kijana akasema, "leo unapika wali humo ndani?"

"Nenda kalete kuni," Mwalimu Somoe akamjibu, "ukiiva utaitwa."

Kijana akacheka, akavua fulana, akaifunga mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye mfuniko wa rejeta. Mwalimu Somoe akamchapa kofi la mkononi.

"Yalaa! Unataka uso uive wewe badala ya wali? Maji yanachemka humo. Subiri lipoe."

Wakuu, hapo nakazia. Rejeta ikiwa ya moto USIFUNGUE. Yale maji yana presha, yanakurukia usoni. Tulikaa pale mpaka boneti ikawa inagusika. Yule mama wa makopa akatupa na muhogo wa kutafuna.

Mfuniko ulipofunguliwa, maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kutu tupu. Tukajaza maji ya ile ndoo, tukatembea polepole mpaka mjini, mshale ukipanda tunasimama.

Baba aliposikia hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alisema, "Basi. Shule ikifunguliwa uchukue kile chumba."

Mama akasema, "Nimesikia."

Kesho yake nikakuta begi la safari liko nyuma ya mlango wa chumba chao. Ndani kuna neti, shuka mbili, na lile jiko dogo la mafuta ya taa. Nikalirudisha vile vile lilivyokuwa.

Wiki ile mama aliendelea kwenda kumaliza ripoti zake, na la ajabu gari likawa na nafuu. Linapandisha kidogo, linashuka. Nikaanza kuwa na matumaini ya kijinga.

Jumamosi nikaliosha gari, hiyo ndiyo kazi yangu. Baba aliniambia nifungue boneti nifute vumbi la juu juu. Pembeni ya rejeta kuna kichupa cha plastiki cha akiba, maji yakizidi yanaingia humo, yakipungua yanarudi. Nikakiangalia, nikadhani naona vibaya.

Ndani kulikuwa na uji. Sitanii. Kitu kizito cha kahawia, kimegandia kwenye kuta za kichupa kama uji wa ulezi uliolala.

Nikamwita baba. Kumwita tu, "Baba njoo uone", naona ilimshtua zaidi ya huo uji wenyewe. Akaja, akaangalia, akaingiza kijiti, kijiti kikasimama.

"Nani kamwaga kitu humu?"

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la mchele.

"Mimi niliweka dawa ya kijani," akasema. "Kidogo tu. Somoe alinipa, kaka yake ana lori la kwenda Kilambo. Nilijua nikikwambia utaanza habari za sweta."

Baba akajikuna shingo.

"Lini?"

"Juzi, kabla sijaondoka shuleni."

"Mimi," baba akasema, na sauti yake ikashuka, "niliweka nyekundu siku moja kabla ya hapo."

"Wewe?"

"Nilipita dukani nikitoka kazini. Nikauliza ipi ni nzuri. Yule kijana wa dukani akasema, boss, nyekundu ndiyo ya kisasa. Nikanunua."

"Wewe wa sweta?"

Eliya akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Mama naye akacheka, mpaka akaweka bakuli chini. Baba hakucheka.

"Nilifikiri likitulia hutakuwa na haja ya kwenda," akasema.

Mama akaacha kucheka. Akasema, "Na mimi nilifikiri hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia, maji yananidondokea miguuni, nikajifanya sipo. Miezi yote ile nilidhani baba ndiye anayetaka mama aende. Kumbe kila mmoja alikuwa anaiba muda kulitibu gari kivyake, na mwenzake hajui. Na hizo dawa zao mbili zikakutana mle ndani na kutu na ule uchafu wa maji ya chumvi, zikawa uji.

Mchana ule nikaingia humu jukwaani kusoma nyuzi za coolant. Nilisoma mpaka macho yakauma. Nikachoshwa na matusi ila nikapata kitu nilichodhani ndicho: gari la zamani lina rejeta ya shaba, na rejeta ya shaba inataka kijani, nyekundu ni ya magari mapya. Watu wengi walikubaliana. Nikaona nimemaliza.

Nikaenda sebuleni nikamwambia baba sentensi nzima. "Baba, gari letu ni la zamani, rejeta yake ni shaba, inatakiwa kijani." Nilikuwa nimeirudia chumbani kabla sijatoka.

Baba akanitazama. "Una uhakika ni shaba?"

Sikuwa nao. Nilijua gari ni la zamani, basi.

Akampigia Fundi Issa, akaja jioni ile ile. Baba akamweleza yote, hata sehemu ya kijani na nyekundu. Fundi akacheka kwa heshima, yaani alitazama pembeni kwanza.

"Mzee, hapo mmelipikia futari."

Alipoanza kufungua mabomba nikasimama karibu. Nikauliza, "Fundi, rejeta hii ni shaba?"

"Eeh, binti naye anaongea leo!" Akafuta tope kwa kidole, akakwaruza pembeni na bisibisi. "Njoo uone. Shaba ingetoa wekundu, kama kile kiungo cha bomba la maji. Hii imetoa nini?"

Ilikuwa nyeupe. Na juu, nikaona, kile kichwa cha rejeta ni plastiki nyeusi.

"Hii ni aluminium," fundi akasema. "Si ya kuzaliwa nayo. Aliyewauzia aliibadilisha."

Kwa hiyo na mimi nilikuwa nimekosea. Tulikuwa tunabishana kuhusu umri wa gari na rangi ya coolant, na hakuna aliyewahi kuinama kuangalia kilichomo. Gari ni la zamani, rejeta si ya zamani. Ningemshawishi baba kwa ile sentensi yangu, tungenunua kitu kwa ajili ya rejeta ambayo hatuna.

Baba akaenda kuleta dumu lake la nyekundu, lilikuwa stoo, limefungwa kwenye mfuko mweusi. Akavaa miwani, akasoma maandishi ya nyuma, yale madogo. Kiingereza cha maboksi na makontena ndicho kazi yake, kwa hiyo alikuwa anatafsiri anavyokwenda. Inafaa aluminium na injini ya chuma. Usichanganye na aina nyingine. Halafu akafika mahali akavua miwani.

"Nini?" mama akauliza.

"Inasema nichanganye na maji safi nusu kwa nusu kwanza. Mimi niliimimina hivi hivi."

"Wengi wanaimimina hivyo, mzee," Fundi Issa akasema. "Hata mimi sisomagi. Naangalia rangi."

Hapo nilimpenda fundi kwa kusema ukweli. Akaongeza kwamba ameshaona kijani na nyekundu zikikaa pamoja bila tatizo, na ameshaona nyekundu mbili za makampuni tofauti zikigombana. Yaani rangi ni rangi tu, kila kampuni inapaka inavyotaka.

Kazi yenyewe ilikula jioni ile na Jumapili baada ya ibada. Rejeta ikatolewa, ikasuuzwa na maji ya mpira, bahati bomba lilikuwa linatoka, mpaka uji ukaisha. Injini nayo ikasuuzwa, kile kichupa nikakisugua mimi kwa kokoto ndogo na sabuni. Kusuuza kwa mwisho tukatumia maji ya mvua ya kwenye tenki letu, yale ya kunywa, ili chumvi isibaki. Maji ya kuchanganyia ile nyekundu ya baba, alinunua sheli, yale ya kuongezea betri, yasiyo na asidi. Muwe makini hapo, kuna yale makali yenye asidi, ukiyaweka kwenye rejeta umeua.

Fundi alipotaka kufunga, nikauliza swali la pili la maisha yangu. "Na thermostat?"

"Binti, huku joto."

"Sasa mbona tulipoitoa liliendelea kuchemsha?"

Fundi akatazama baba. Baba akatazama mama. Mama akasema, "Mjibu mtoto."

"Haya, nitaweka nyingine," akasema. "Ila likichemsha msinitafute usiku."

Kesho yake shule zilifunguliwa. Lile begi lilikuwa bado nyuma ya mlango, na hakuna aliyeligusa wala kulitaja. Mama akaondoka asubuhi na Mwalimu Somoe kama kawaida, dumu la coolant iliyobaki, ikiwa imeshachanganywa, liko kwenye buti.

Sitawadanganya, siku ile sikuelewa kitu darasani. Kila nikifumba macho naona mshale unapanda.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba kashafika, amebadilisha zamu. Yuko nje anakata ua wa michongoma ambao alikuwa ameukata siku chache tu kabla. Hakuna kilichobaki cha kukata. Nikachukua ufagio nikawa nafagia majani ambayo hayapo. Baba naye si mwongeaji, nadhani nimemrithi yeye.

Muda wa mama kufika ukapita. Baba akatoa simu, akairudisha mfukoni.

Halafu tukasikia muungurumo pale kona ya duka.

Gari likaingia, limejaa vumbi, haliendi polepole kama linaugua, linaenda tu kama gari. Mama akazima. Baba hata hakumwambia pole na kazi, alienda akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Mshale?"

"Katikati," mama akasema. "Tangu asubuhi. Nilichelewa kwa sababu ya kikao." Akateremka, akachukua madaftari yake kiti cha nyuma, akanipa nusu nibebe. "Mwalimu Mkuu aliuliza kama chumba nakitaka. Nimemwambia ampe yule mwalimu mpya wa kutoka Newala."

Baba akasema "Sawa", akarudi kukata ua.

Jioni ile mama alisahihisha, mimi nikaongea mpaka akaniambia nipumue.

Imeshapita miezi sasa. Gari halijachemsha tena, na maji ya kisima hayajaligusa.

Nilichojifunza, wakuu, kwa akili yangu ya kidato cha nne: usichague coolant kwa rangi, wala kwa umri wa gari peke yake. Inama uangalie rejeta iliyomo leo ni ya nini, maana magari yetu haya yameshapita mikono ya watu. Soma nyuma ya dumu, hasa kama inatakiwa kuchanganywa na maji au imeshachanganywa. Kama hujui kilichomo ndani ya rejeta, mwaga chote usuuze, usiongezee juu yake. Coolant si ya baridi tu, inazuia kutu na inachelewesha maji kuchemka, kwa hiyo sisi wa joto tunaihitaji hasa. Na mkiwa wawili mnaotumia gari moja, ambianeni mnachoweka.

Mimi si fundi. Nikikosea mahali nirekebisheni bila kutukana, tafadhali.

Swali langu kwenu: wa Lindi, Kilwa, Tanga na kokote kwenye visima vya chumvi, maji ya kuchanganyia coolant mnapata wapi yale ya sheli yakiisha? Maana hapa kwetu huwa yanaisha, na baba ameshaanza kukitazama tena kile kisima.